Mvuke wa Embe

Kila asubuhi, kabla mtu hajasema neno, nyumba ya fundi Darwesh ilianza siku kwa kikohozi. Khawla alikisikia angali kitandani. Kilianza kikavu, kisha kikawa kizito, kana kwamba kinavuta kitu kutoka chini kabisa ya kifua, mpaka baba yake alipotulia na kusema, "Alhamdulillahi." Hapo Khawla alijua kwamba kumekucha.

Walikaa ghorofa ya juu ya nyumba ya zamani huko Mkunazini, Mji Mkongwe. Khawla alikuwa na miaka kumi na miwili, yuko darasa la sita. Kazi yake ya asubuhi ilikuwa kumwamsha mdogo wake Sami, kumwosha uso na kuhakikisha kwamba pampu yake ya pumu imo mkobani. Sami alikuwa mtoto mwembamba kama ufito, mwingi wa maswali. Mama yao, Bi Mardhiya, alipika chapati za maji na kumimina chai. Fundi Darwesh hakunywa chai yake pamoja nao. Alichukua kikombe chake, akateremka ngazini, akawasha sigara.

Daktari alishamwambia kwamba moshi ni adui wa kifua cha Sami, naye aliona kwamba kwa kuvutia ngazini alikuwa ametimiza wajibu wake. Lakini moshi hauna adabu. Ulimganda kwenye ndevu na kwenye shati, ukapanda naye juu, na Sami alipomkumbatia kumuaga alianza kukohoa naye.

Si kwamba fundi Darwesh hakujaribu kuacha. Kila Ramadhani alifunga kutwa nzima bila kugusa sigara. Adhana ya Magharibi ikilia, alikula tende moja, akanywa funda la maji, kisha mkono wake ukaenda mfukoni. Mwaka huo Sami alimtazama akifanya hivyo, akauliza, "Baba, mchana huvuti na wala hufi. Basi kwa nini sasa hivi unavuta?"

Mama alimwambia anyamaze ale sambusa yake. Baba aliizima sigara ile kabla haijaisha.

Baada ya Sikukuu, Mjomba Muhiddin, ndugu yake Mama, alikuja kuwatembelea kutoka Bwejuu, alikokuwa mpishi wa hoteli. Walipokwisha kula, alitoa mfukoni kitu kama kalamu nene, akakitia mdomoni. Taa ndogo ya buluu ikawaka, na wingu jeupe likatoka puani mwake. Chumba kizima kikanukia embe.

"Shemeji, hii ndiyo iliyonitoa kwenye sigara," alimwambia fundi Darwesh. "Inakwenda kwa umeme. Haina moto, haina majivu. Ndani mna maji maji yenye dawa. Ukivuta yanakuwa mvuke, na hamu inakatika. Nimekuletea na wewe yako."

"Na wewe umeacha kabisa?" Baba aliuliza.

"Sigara? Tangu masika ya mwaka jana sijaigusa."

"Na hii?" Mama aliuliza.

Mjomba Muhiddin alicheka, akavuta tena. "Hii ndiyo dawa yangu, dada."

"Dawa mtu huinywa, akapona, akaiacha," alisema Mama. "Mimi naona ulevi ni ule ule, umebadilishiwa kanzu tu."

Hata hivyo fundi Darwesh aliichukua ile sigara ya umeme, na mambo yakaanza kubadilika. Wiki ya kwanza alivuta zote mbili. Baadaye pakiti ya sigara ikawa inakaa siku kadhaa haijafunguliwa, na mwisho akaitupa. Kikohozi cha asubuhi kilipungua. Alianza kunywa chai pamoja nao. Alipotoka kazini Darajani, ambako alikuwa na karakana ya kutengeneza cherehani, alipanda ngazi zote bila kusimama katikati kushika ukuta.

Khawla alimwonea baba yake fahari. Alipomuuliza mvuke ule ni kitu gani, Baba alimjibu kwa mkato, huku macho yake yapo kwenye gazeti, "Mvuke tu, mama. Kama wa birika la chai." Na kwa kuwa ulikuwa mvuke tu, kile kifaa hakikufichwa. Kililala mezani, karibu na bakuli la sukari. Mara nyingine Baba alimwashia Sami ile taa ya buluu amfurahishe.

Skuli, Khawla alikaa dawati moja na Zuleikha, msichana mcheshi aliyependa kujua kila kitu kabla ya wenziwe. Khawla alipomsimulia, Zuleikha alimkazia macho.

"Ati inanukia embe? Muongo wewe!"

"Kweli tena! Nyumba nzima inanukia."

"Basi nioneshe. Kama hukunionesha, ntajua umenitungia."

Siku ya Ijumaa fundi Darwesh alivaa kanzu yake nyeupe, akatoka kwenda kuswali. Kifaa chake alikiacha mezani, maana hakupenda kuingia nacho msikitini. Mama alikuwa jikoni na pilau yake. Khawla alikitazama kile kifaa, akatazama mlango, kisha akakifunika kwa ncha ya mtandio wake na kupanda juu ya paa, mahali pa kuanikia nguo. Zuleikha alikuwa akimsubiri huko.

"Kumbe ndiyo hii!" Zuleikha alinong'ona. "Haya, ivute tuone."

"Mimi?"

"Si umesema ni mvuke tu?"

Khawla alivuta. Mvuke ulikuwa mtamu mdomoni na mkali kooni. Alikohoa, Zuleikha akacheka mpaka akaziba mdomo kwa viganja. "Vuta tena, utoke mwingi kama wa mjomba wako!" Khawla alivuta tena, na tena, kwa nguvu zaidi, kwa sababu alikuwa akitazamwa.

Ghafla paa likaanza kuzunguka. Mate yalimjaa mdomoni, jasho baridi likamtoka usoni, na moyo ukamwenda mbio. Alitaka kukaa chini, lakini kabla hajakaa alitapika. Kifaa kilimponyoka mkononi, kikatumbukia katika ndoo ya nguo zilizolowekwa.

"Khawla! Uso umekupauka!" Zuleikha alisema, na sasa hakuwa akicheka. Alirudi nyuma hatua kwa hatua. "Mimi nnakwenda nyumbani. Usiseme kama nilikuwapo. Tafadhali, usiseme." Viatu vyake vilisikika vikiteremka ngazi kwa haraka.

Khawla alikaa peke yake, ameegemea tangi la maji, mpaka dunia ilipotulia. Akaosha matapishi. Akakitoa kifaa ndooni, akakipangusa, akakijaribu, taa haikuwaka. Hakuona la kufanya ila kukisukuma nyuma ya tangi, penye masufuria mabovu.

Chakula cha mchana kiliandaliwa. Baba alirudi, akanyoosha mkono mezani, akapapasa. Akainua gazeti, akainua bakuli la sukari.

"Khawla!"

"Naam, Baba."

"Umekiona kile kifaa changu?"

"Sijakiona, Baba."

Maneno yalimtoka kwa urahisi, na urahisi ule ulimtisha kuliko swali lenyewe. Fundi Darwesh alimgeukia Sami. "Wewe ndiye unayekichezea kila siku. Umekitia wapi?"

"Sikukichukua mimi," Sami alisema.

"Usinidanganye, Sami!"

"Sikukichukua mimi!" Machozi yalianza kumtoka. Alimtazama dada yake, pengine kwa kuwa kila siku dada yake ndiye aliyemtetea. Khawla aliinamia sahani yake, akawa anapanga punje za mchele kwa kidole.

Baba alitafuta mpaka Alasiri. Mikono yake haikutulia. Aliufunga mlango kwa kishindo, akamkaripia Mama kwa jambo dogo. Mwisho alivaa viatu, akatoka. Aliporudi, shati lake lilikuwa na harufu ile ya zamani.

Toka siku hiyo hakuvutia nyumbani wala ngazini. Alivutia kazini, akatafuna karafuu njiani, akidhani kwamba hakuna anayejua. Lakini kikohozi cha asubuhi kilirudi, nacho hakikujua kutunza siri. Mama alikisikia na kunyamaza. Khawla alikisikia na kujifunika shuka mpaka kichwani. Mara kadhaa alifungua mdomo ili aseme, na kila mara alijiambia kwamba angesema kesho.

Alasiri moja Sami alirudi kutoka chuoni, alikosoma Kurani, akikoroma kidogo kifuani. Baba aliporudi kazini, Sami alimrukia kama desturi yake, akauzika uso wake katika lile shati. Haukupita muda akaanza kukohoa. Mama alimpa pampu, akavuta. Akampa tena baada ya muda kidogo. Kifua cha mtoto kilipiga filimbi, na ngozi ya katikati ya mbavu zake ikawa inaingia ndani kila alipotafuta pumzi. Hakuweza hata kulia.

"Hospitali," Mama alisema. "Sasa hivi."

Fundi Darwesh alimnyanyua mwanawe, akakimbia naye kuteremka ngazi. Khawla alifuata nyuma na mkoba wa dawa. Walipofika chini, Baba alisimama ghafla. Alishika ukuta kwa mkono mmoja, mdomo wazi, macho yamemtoka, akikohoa asiweze kupiga hatua. Mtoto hana pumzi, na aliyembeba naye hana pumzi. Mama alimpokonya Sami, akakimbia naye uchochoroni mpaka barabarani penye teksi. Khawla alimshika baba yake mkono, wakafuata.

Hospitalini Sami alivalishwa barakoa iliyounganishwa na mashine ya kumvutisha dawa. Kidogo kidogo ile filimbi ya kifuani ilipungua, na rangi ikarudi midomoni. Daktari Salhiya, mama wa makamo mwenye sauti ya upole, alimsikiliza mgongoni, kisha akawageukia wazazi.

"Atakuwa salama, Inshaallah. Lakini niambieni, nyumbani yuko mtu anayevuta sigara?"

Baba aliinamisha kichwa. "Mimi, Daktari. Nilikuwa nimeacha. Nilikuwa na ile ya umeme, ikapotea, nikarudi kule kule."

"Haikupotea," alisema Khawla.

Wote walimtazama. Alitamani sakafu ifunguke immeze, lakini neno lilikwishatoka, na mengine yakafuata: mtandio, paa, mvuke alioambiwa ni kama wa birika, ndoo ya nguo, masufuria mabovu nyuma ya tangi. "Na Sami hakuchukua kitu," alimalizia akilia. "Nilimwacha akakaripiwa. Mimi ndiye niliyemfanya augue."

Fundi Darwesh aliitazama barakoa ya Sami. Khawla angependa zaidi apigiwe makelele. Daktari Salhiya alimvuta kwenye kiti kando yake.

"Ulipovuta, ulijisikiaje?"

"Kizunguzungu. Nikatoka jasho, nikatapika."

"Hiyo ni nikotini, ile mnayoiita dawa ndani ya mvuke, ndiyo iliyokuzungusha kichwa. Ni sumu, na mwili wako uliikataa. Ukiuzoesha, utaacha kukataa na utaanza kuidai. Ndivyo watu wanavyonaswa." Akamgeukia Baba. "Na mvuke ule, fundi, si wa birika. Wako watu wazima walioacha sigara kwa msaada wake. Hilo silikatai, maana moshi wa tumbaku inayoungua ndio unaoua zaidi. Lakini si kitu salama, na unaweza kumchokoza mwenye pumu kama huyu. Kwa mtu mzima aliyekwishanaswa unaweza kuwa njia ya kutokea, akisaidiwa na akiwa na nia ya kuuacha nao. Kwa mtoto ni mlango wa kuingilia."

"Mimi ndiye niliyemwambia ni mvuke tu," alisema Baba polepole. "Aliniuliza, na sikujisumbua kumjibu." Kisha akamtazama binti yake. "Khawla, uongo ni wako, na utaujibu. Ulimwacha mdogo wako akabeba mzigo usio wake. Lakini sigara hukuninunulia wewe. Dukani nilikwenda kwa miguu yangu. Mzigo huo usiubebe, ni wangu."

Khawla alikwenda kitandani, akainama. "Sami, nisamehe."

Sami alisogeza barakoa kidogo. "Mimi nilisema siyo mimi," alisema kwa sauti ya kukwaruza, kisha akairudisha barakoa yake.

Kabla hawajaondoka, fundi Darwesh alifanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya: alimwambia Daktari Salhiya kwamba peke yake hawezi. Walipanga siku ya kuacha sigara kabisa. Kwa kuwa alikwishawahi kusaidika na kile kifaa, alikubaliwa anunue kingine na kukitumia kwa muda, kwa sharti kwamba kisifike nyumbani kamwe, kifungiwe karakanani, na kila akirudi kwa daktari nguvu ya dawa yake ipunguzwe mpaka asikihitaji tena.

Haikuwa kazi nyepesi. Baba alikuwa mkali kama pilipili kichaa. Alitafuna tangawizi na iliki, akanywa maji, akatembea mpaka Kikwajuni na kurudi ili tu mikono yake isikae bure. Jioni moja, wakila, aliweka kijiko chini. "Leo nimevuta," alisema. "Moja. Rafiki yangu alinipa, sikuweza kukataa." Khawla alidhani Mama atakasirika. Mama alimsogezea bakuli la mchuzi, akasema, "Ahsante kwa kutwambia. Kesho anza tena." Akaanza tena, na kila mara nguvu ya dawa ilikuwa ndogo kuliko ya mwanzo.

Adhabu ya Khawla ilikuwa kufua nguo za nyumba nzima kila mwisho wa juma, na kuzifua juu ya paa lile lile. Hakulalamika. Skuli, Zuleikha alimkwepa kwa siku nyingi, kisha akamfuata wakati wa mapumziko. "Kuna mwanafunzi mkubwa anayo yenye harufu ya stroberi," alinong'ona. "Twende kwake, huenda safari hii haitakudhuru."

"Nilitapika, Zuleikha. Unakumbuka. Na nikasema uongo, na Sami akakimbizwa hospitali." Khawla alimshika mkono. "Mimi siendi. Na wewe nakuomba usende."

Zuleikha alifikiri kidogo, akichora mchanga kwa ncha ya kiatu. "Haya," alisema. Hawakwenda.

Msimu wa mvua za vuli ulipoingia, Mjomba Muhiddin alikuja tena na wingu lake jeupe. Safari hii fundi Darwesh alimwomba atoke nalo nje, kwa ajili ya Sami. Mjomba alishangaa. "Na yako iko wapi, shemeji?"

"Nshaiacha. Ile ilikuwa daraja la kuvukia. Wewe ndugu yangu umejenga nyumba juu ya daraja." Alisema kwa kicheko, lakini Mjomba hakucheka sana, na kabla ya kuondoka aliuliza siku gani Daktari Salhiya hupatikana.

Jioni moja Khawla alipita karakanani baada ya skuli. Baba yake alikuwa akitunga uzi kwenye cherehani aliyokwisha kuitengeneza. Mikono yake ilikuwa imetulia. Khawla alikaa akamtazama, kisha akauliza jambo lililokuwa likimsumbua.

"Baba, bado unaitamani?"

"Naam," alijibu pale pale. "Leo mteja alisimama hapo mlangoni na sigara yake. Niliitamani mpaka mate yakanijaa."

"Ukafanyaje?"

"Nikamwambia, 'Ndugu yangu, mimi nimeacha na bado ni mgonjwa wake, tafadhali kavutie kule.' Akaomba radhi, akaenda." Baba aliukata uzi, akauweka mkasi. "Zamani ningeona aibu. Mtu mzima na ndevu zangu nionekane nimeshindwa na kijiti cha tumbaku! Basi nilificha, na kila nilipoficha ndipo niliposhindwa. Na wewe ulificha kwa sababu uliogopa. Wazee walisema, mficha maradhi, kilio humuumbua. Kilio kilitukaribia sana, mwanangu. Ukikosa, au ukishikwa na jambo, liseme lingali dogo. Anayekupenda atakukasirikia kidogo, kisha atakushika mkono. Lakini hawezi kukusaidia kwa jambo asilolijua."

Nje wachuuzi walikuwa wakifunga vibanda vyao. Khawla alichezea kamba ya mkoba wake, kisha akainua uso.

"Baba, hesabu za sehemu sizielewi. Tangu mwanzo wa muhula. Na Mwalimu nimemwambia nazielewa."

Fundi Darwesh aliisogeza cherehani pembeni, akavuta kigoda kingine karibu na chake.

"Haya, kaa," alisema. "Nioneshe ulipokwama."